Pazia la mlangoni: nilivyofanikisha tiba ya mazungumzo kwa vijana kwa njia ya simu

Nilipoanza kuwahudumia vijana kwa simu ya video, ushauri niliopewa na wenzangu ulikuwa mmoja: "Watoto wa siku hizi wamezaliwa na simu mkononi, wewe watumie linki ya kikao tu, watafunguka wenyewe." Ushauri huo ulinipotezea miezi. Kijana anayeandikiana na rafiki zake hadi saa nane usiku, ukimweka mbele ya kamera na mtu mzima asiyemjua, anakuwa bubu. Atasema "niko poa" mara kumi na mbili, na muda wenu utakwisha.

Nafanya kazi ya ushauri wa kisaikolojia Dar es Salaam, na wengi wa vijana wangu wana miaka 13 hadi 18. Wanaletwa kwa sababu ya sonona (ugonjwa wa huzuni nzito), wasiwasi uliopitiliza, msiba ambao haujazungumzwa nyumbani, kujikata, au kukataa shule. Familia nyingine ziko Morogoro, Tanga, Kahama, na kuna baba anayeishi kambini kikazi, nyumbani anafika mara moja kwa miezi mitatu. Kwa watu kama hao simu ndiyo kliniki yao, kwa hiyo niliona lazima nijue kuitumia vizuri.

Naanza na lililonitesa zaidi, maana ndilo lililonifundisha kazi.

Nilikuwa na binti wa kidato cha pili (nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike). Nyumba ni vyumba viwili na sebule, na mlango wa chumba chake ni pazia. Kila nikimuuliza swali alitazama kwanza upande wa kushoto, kisha akajibu: ndiyo, hapana, sawa. Vikao vinne vikaenda hivyo. Niliamini kwamba hajawa tayari, nikabadilisha maswali, nikaleta michezo ya kuchora. Kikao cha tano kilikuwa cha familia, na mama yake, bila kukusudia, akajibu jambo ambalo nilimuuliza binti peke yake wiki iliyotangulia. Kushoto kwa binti palikuwa na pazia, na nyuma ya pazia alikaa mama.

Dawa ya kwanza niliyojaribu ni hedfoni. Hazikusaidia, na sababu iko wazi ukiifikiria: hedfoni zinaficha sauti yangu mimi, lakini siri ni ya binti, na sauti yake bado inasikika. Dawa ya pili, aniandikie majibu huku tunatazamana. Hiyo ilikwenda vizuri sana kwa vikao viwili, aliandika kuliko alivyowahi kusema. Kisha simu, ambayo ilikuwa ya mama, ikarudi kwa mama, na mama akasoma yote. Binti alikataa kuniona kwa wiki mbili.

Kilichofanya kazi kilikuwa vitu vitatu kwa pamoja. Cha kwanza, redio. Watu wengi huweka redio au feni ndani ya chumba alimo kijana, nami napata kelele tupu kwa sababu kinasa sauti cha simu kinachukua kilicho karibu nacho. Redio iwekwe nje ya pazia, hatua mbili hivi kutoka mlangoni, upande wa anayeweza kusikia. Sauti iwe ya kawaida na kituo kiwe cha mazungumzo, maana maneno juu ya maneno huchanganya sikio kuliko muziki. Cha pili, maswali ya namba. Nilimtumia binti picha ya karatasi yenye orodha: 1 ni mambo ya shule, 2 ni baba, 3 ni ndoto zile, 4 ni kujidhuru, 5 ni mtu anayenisumbua. Ainakili kwenye daftari, kisha afute ile picha. Nikiuliza kupitia hedfoni, "Leo kizito ni kipi, na kwa uzito gani, sifuri hadi kumi?" yeye anasema tu, "Mbili, saba." Anayesikiliza nje hapati kitu.

Cha tatu ndicho kikubwa, na nilichelewa kukiona. Mama hakuwa mmbea. Alikuwa na hofu. Mwanawe alikuwa amejikata mkononi, yeye akaambiwa akae nje, na hakuna aliyemweleza kinachoendelea. Nikampa muda wake: dakika kumi kabla ya binti, dakika kumi baada yake. Namuuliza wiki imekwendaje, amelala vipi, amekula nini, yeye mwenyewe ana hali gani. Tangu hapo, saa ya binti ikifika mama alikuwa anachukua kiti chake kwenda kukaa kwa jirani, bila mtu kumwomba. Sasa hivi hakuna familia ninayoipokea bila muda huo wa mzazi.

Mipaka ya siri inasemwa siku ya kwanza, wote wakiwa mbele ya kamera, kwa maneno yaleyale kwa wote. Nawaambia: yanayosemwa humu yanabaki humu, isipokuwa mambo matatu. Ukiniambia unataka kujiua au kujiumiza vibaya, ukiniambia kuna mtu anakuumiza, au ukiniambia unakwenda kumuumiza mtu. Hayo nitamwambia mtu mzima anayeweza kukulinda, na wewe utajua kwanza kabla sijamwambia. Mzazi atapata mwelekeo, hatapata maneno. Kwa sheria yetu, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, hivyo mzazi au mlezi ndiye anayetia saini ya kukubali huduma. Lakini nami siendelei mpaka kijana mwenyewe aseme kwa mdomo wake kwamba anakubali.

Kisha kuna swali ambalo halirukwi hata siku moja: "Uko wapi leo?" Ukiliona la salamu utaumia. Mimi nilikuwa na karatasi inayosema kijana yuko Tabata, kumbe kapelekwa kwa shangazi yake Morogoro. Akasema jambo zito kuhusu kufa, mtandao ukakatika papo hapo, na mimi nikawa na anwani isiyo na mtu. Nilimpata baada ya simu nyingi, akiwa mzima. Sasa kabla ya salamu kuisha ninaandika: mtaa gani, karibu na nini, hospitali iliyo karibu ni ipi, mtu mzima aliye nyumbani ni nani na namba yake, na namba ya jirani mmoja. Nambari ya mzazi aliye kazini haitoshi, maana akiwa kwenye daladala hatamfikia kijana kwa haraka.

Na kukatika kwa mtandao kuwe na utaratibu ulioandikwa. Wetu ni huu: ukikatika, mimi ndiye ninayepiga, simu ya kawaida, ndani ya dakika mbili. Kijana asihangaike kupiga, tutagongana. Asipopokea mara mbili, nampigia mtu mzima aliye nyumbani. Kijana akijua hivyo hapaniki skrini ikiganda katikati ya machozi.

Kuhusu bando, kikao cha video cha dakika 45 kinakula kama nusu GB hivi, wakati mwingine zaidi. Mtandao ukiwa dhaifu tunaanza na video dakika tano, nimwone uso na hali aliyonayo, tunahamia sauti tupu, tunarudi kwenye video dakika tano za mwisho. Sauti tupu inakula kidogo sana. Ada yangu ni kati ya elfu thelathini na sitini kwa kikao kulingana na uwezo wa familia, na nauli ya watu wawili kuja mjini na kurudi inabaki mfukoni mwao.

Simu isishikwe mkononi. Mkono unachoka baada ya dakika kumi na ninabaki naongea na paji la uso. Iegemezwe kwenye vitabu, juu ya stuli, urefu wa macho, umbali wa mkono mmoja ulionyooshwa, ili niione na mikono pia. Kijana anaweza kutabasamu vizuri huku vidole vinachuna ngozi ya kucha. Dirisha liwe mbele yake, likiwa nyuma namwona kivuli.

Kitu kingine kinachowafunga midomo ni kujitazama. Ile picha yake ndogo pembeni ya skrini anaitazama muda wote: chunusi, nywele, meno. Zoom ina sehemu ya kuficha picha yako mwenyewe. Kwenye WhatsApp, mwambie aisogeze ile picha kwenye pembe moja, akate kipande cha karatasi ukubwa wa stempu mbili, akibandike hapo juu ya kioo kwa selotepu. Binti mmoja alikaa kimya vikao vitatu, siku tuliyobandika karatasi aliongea dakika ishirini bila kusimama.

Chooni si mahali pa kikao. Mwangwi ni mbaya na mtu atagonga mlango. Gari lililoegeshwa linafaa asubuhi, mchana wa Dar linageuka tanuri. Vijana wa kiume wengi wanaongea vizuri wakitembea, sauti tupu, pembeni ya uwanja wa mpira, kamwe si barabarani. Muda uliofanikiwa kwangu ni Jumamosi saa tatu asubuhi. Saa kumi na moja jioni wadogo zake wamerudi na televisheni imewashwa. Kwa wa miaka 13, dakika 30 zinatosha.

Kazi yenyewe tunaifanya kwa daftari na kalamu. Ukimwonyesha kurasa zako kupitia skrini ya simu, herufi zinakuwa ndogo kama siafu. Kwa sonona naanza na ratiba ya vitendo vidogo: kila siku kitu kimoja alichokuwa anakipenda na kimoja chenye faida, kwa dakika kumi tu, na baada yake aandike hali yake sifuri hadi kumi. Asisubiri kujisikia vizuri ndipo atende. Ananionyesha daftari kwenye kamera wiki inayofuata. Kwa wasiwasi tunapumua pamoja, kuvuta kwa kuhesabu nne, kutoa kwa kuhesabu sita, dakika tatu. Mpe na mlezi zoezi hilohilo, maana saa ya hofu usiku yeye ndiye aliye pale.

Dodoso la maswali tisa ya sonona ninalitumia, kila jibu sifuri hadi tatu, jumla 27, na alama kumi kwenda juu zinanifanya nichunguze zaidi. Lakini swali la tisa, linalohusu mawazo ya kufa au kujiumiza, ninaliuliza kwa sauti yangu tukiwa tunaonana. Ukilituma kwa ujumbe, kijana atalijibu saa sita usiku na wewe utalisoma asubuhi. Na uliza waziwazi, "Umewahi kufikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Vijana wengi huvuta pumzi ndefu, kwa kuwa hatimaye kuna mtu aliyethubutu kulitaja. Akisema ndiyo, kikao hakifungwi mpaka tuwe na mpango wa usalama kwenye karatasi: dalili zinazomtangulia, anachoweza kufanya peke yake, watu wa kukaa nao, mtu wa kumwambia, namba za msaada, na kuweka nyumba salama. Hilo la mwisho ni la mzazi. Ninamwomba atembee na simu, anionyeshe dawa zote za nyumbani na sumu za wadudu zikiwa kwenye kabati lenye kufuli, na funguo ziko kwake. Namba 116 ya huduma kwa mtoto haina malipo, nayo inaandikwa kwenye karatasi hiyo.

Kijana mwenye mpango wa kujiua anaotaka kuutekeleza, anayesikia sauti zisizokuwepo, aliyeacha kula mpaka mwili umeisha, au anayepigwa nyumbani na huyohuyo anayemshikia simu, huyo simbakizi kwenye video. Anahitaji hospitali ya mkoa au Muhimbili, au ofisi ya ustawi wa jamii, na kazi yangu inakuwa kuhakikisha amefika.

Vikao vya familia ndiko simu inakoshinda ofisi. Watu watatu kwenye simu moja hawafai, anayesikika ni baba. Kila mmoja aingie kwa simu yake kutoka chumba chake, maana simu mbili chumba kimoja zinapiga mlio wa kutoboa sikio. Kisha tunakubaliana mwanzoni: anayeongea ana dakika tatu, na mimi nitawazima sauti wengine. Baba mmoja kutoka machimboni alisikiliza dakika tatu kamili za mwanawe huku midomo yake ikicheza bila sauti. Nilipomfungulia alikaa kimya, kisha akasema, "Sikujua kwamba ulikuwa unanisubiri Jumapili." Ofisini angekuwa ameshamkatiza mara nne.

Kuhusu salamu: kijana akinipa shikamoo naitikia marahaba, kisha namwambia aniite anti au dada, apendavyo. Baba na mama nawaita kwa jina la mtoto wao.

Wengi wanahitaji vikao nane hadi kumi na viwili, kila wiki, halafu kimoja baada ya mwezi. Tatizo ni shule za bweni, simu haziruhusiwi. Naanza mwanzoni mwa likizo, sisubiri wiki ya mwisho, na kabla hajarudi tunaongea na matroni pamoja na mzazi: dakika 30 Jumamosi mbili kwa mwezi, kwa simu ya ofisi, mlango ukiwa umefungwa na matroni akiwa nje anapoonekana dirishani. Karatasi ya mpango wa usalama inakwenda na kijana kwenye begi lake, na nakala moja inabaki kwa matroni ndani ya bahasha.