Gari halikuwaka, starta ikasingiziwa

Asubuhi ile nilipozungusha ufunguo nilisikia mlio mmoja tu, "tak", kutoka chini ya injini, kisha kimya. Nilirudia mara tatu na hali ikawa ile ile. Fundi niliyemwita alisikiliza mara moja akasema starta, yaani mota ya umeme inayozungusha injini ili iwake, imekufa, inunuliwe nyingine. Siku chache kabla ya hapo gari lilikuwa limesumbua kidogo, nikaambiwa betri imechoka, nami nikaibadilisha. Kwa kuwa sasa betri ilikuwa mpya na gari bado limegoma, ilionekana kwamba kosa haliwezi kuwa kwingine ila kwenye starta. Hata hivyo niliomba nipime kwanza, kwa sababu kuna jambo moja ambalo halikuniingia akilini: nilipowasha taa kubwa na kupiga starta, taa hazikufifia sana.

Tunaposema gari haliwaki, huwa tunachanganya matatizo mawili yasiyo na undugu. Kuna gari ambalo starta inazungusha injini vizuri lakini injini haishiki. Hapo betri na starta hazina kosa, na mtu atafute mafuta, cheche au ishara ya sensa ya krenki, yaani kifaa kinachohisi mzunguko wa mhimili mkuu wa injini. Kwenye gari nyingi za petroli zenye pampu ya umeme, ukifungua swichi bila kupiga starta utaisikia pampu ikivuma kwa sekunde mbili hivi, na ukimya wake ni sababu tosha ya kuanza na fyuzi na relei yake (swichi inayoendeshwa kwa umeme). Tatizo la pili ni lile la kwangu, ambapo injini haizunguki kabisa, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure kwa kubadilisha vifaa vizima.

Nilichukua mita ya umeme nikaanza na betri. Ikiwa imetulia, ilisoma volti 12.6, ambacho ndicho kiwango cha betri iliyojaa. Ingesoma karibu 12.2 ningejua kwamba imebaki nusu. Kipimo cha maana zaidi, hata hivyo, ni kile kinachochukuliwa starta inapopigwa, kwa kuwa betri mbovu inaweza kuonyesha 12.6 ikiwa haina kazi kisha ikaanguka chini ya 9 pindi inapotakiwa kubeba mzigo. Niliweka gia huru, nikavuta breki ya mkono, nikamwomba ndugu yangu azungushe ufunguo huku macho yangu yakiwa kwenye mita. Ilishuka hadi 11.5 tu. Betri haikuwa imelemewa, wala haikuwa dhaifu. Nguvu ilikuwapo, ila haikuwa ikifika yote kwenye starta.

Umeme wa starta hutoka kwenye ncha chanya, ukapita kwenye starta, kisha ukarudi kwenye ncha hasi kupitia mwili wa injini, waya wa ethi (ule unaounganisha injini na bodi) na bodi ya gari. Watu wengi hukagua njia ya kwenda na kuisahau ya kurudi. Kwa hiyo niliweka ncha moja ya mita kwenye ncha hasi ya betri, si kwenye kibanio cha waya bali kwenye nguzo yenyewe ya betri, na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, ufunguo ukazungushwa tena. Katika njia iliyo nzima mita ingesoma volti 0.2 au 0.3, na ikizidi 0.5 kuna kasoro. Yangu ilisoma 5.6. Karibu nusu ya nguvu ya betri ilikuwa inapotelea njiani kabla ya kurudi nyumbani. Nilipopima kutoka ncha hasi hadi kwenye bodi nikapata 0.1, na hivyo kosa likabaki mahali pamoja tu, kati ya bodi na injini.

Kabla ya kufungua chochote nilitaka uthibitisho. Nilichukua waya mmoja mnene, wa zile nyaya za kuazimia chaji, nikaufunga kutoka ncha hasi ya betri moja kwa moja hadi kwenye chuma cha injini, mbali na mkanda na feni. Ufunguo ukazungushwa, gari likawaka mara ya kwanza.

Waya wa ethi wenyewe ulikuwa umejificha chini ya betri, mkanda bapa wa shaba uliosukwa, na kwa kuutazama tu ulionekana mzima. Nilitoa waya hasi wa betri, nikafungua bolti, na hapo chini ya kishikio nikakuta unga wa kijani uliochanganyika na kutu ya bodi, umekaa kama utando kati ya chuma na chuma. Utando huo hauhitaji kuwa mkubwa: starta ikivuta ampea 190, ukinzani wa omu 0.03 unatosha kula volti 5.7. Ndiyo maana taa hazikufifia sana, kwa kuwa zinarudisha umeme wao kupitia bodi bila kupita kwenye mkanda ule.

Nilisugua sehemu zote mbili kwa msasa hadi chuma kikang'aa, nikakaza bolti, nikapaka grisi kwa juu kuzuia unyevu, kisha nikarudisha waya hasi wa betri. Starta ikazungusha injini kwa nguvu, na safari hii kati ya ncha hasi na injini mita ilisoma 0.15. Betri nayo, wakati starta ikizunguka, ilishuka hadi 10.6, yaani chini kuliko ilivyoshuka wakati gari limegoma, kwa sababu sasa starta ilikuwa inapata umeme wake wote.