Siku moja na koo za watu

Saa kumi na moja alfajiri nimeamka, saa moja na nusu niko wodini, saa mbili raundi imeanza. Hapo katikati ni foleni ya Mbagala tu, haina jipya.

Nikisema natibu usemi na umezaji, watu huishia kwenye usemi: "Kumbe unafundisha watoto kuongea!" Hao nao wapo. Ila sehemu kubwa ya siku yangu ni koo za watu wazima walioangushwa na kiharusi.

Saa tatu, mzee wa kitanda cha dirishani, mkono wa kulia umelala. Nikamwamkia, marahaba ikatoka kwa shida. Nikamkalisha wima, nikampa maji kijiko cha chai, vidole vyangu viwili kooni mwake. Koo likachelewa kupanda. Hakupaliwa. Nikamwomba aseme "aaa", sauti ikatoka na majimaji kama ya mtu anayesukutua. Maji yalikuwa yamekaa mlangoni pa njia ya hewa na yeye hana habari. Anayepaliwa ana afadhali, kikohozi kinamlinda. Huyu wa kimya ndiye anayeshikwa na nimonia, na ndugu wakasema ni feni ya wodi. Uji mzito ulipita vizuri. Nikabandika karatasi ukutani: ASIPEWE MAJI KWA MDOMO.

Saa saba, muda wa kuona wagonjwa, ndipo siku ilipoharibika. Binti yake mkubwa kaingia na chupa ya chai, kaisoma karatasi, kaibandua.

"Dada, mnamuua baba kwa kiu?"

Nikamweleza kiu inatibiwa na dripu. Hakutaka. "Maji laini ndiyo yamdhuru, uji mzito upite?" Swali zuri, tena huulizwa kila wiki. Maji yanakimbia, koo lililopigwa na kiharusi halifungi njia ya hewa kwa wakati. Uji unashuka taratibu, unalipa koo nafasi ya kufunga. Akampigia baba yake mdogo Tanga, akaweka spika. Baba mdogo akaanza habari za dafu, wodi nzima inasikia, wengine wanamuunga mkono.

Nikamwambia binti: meza mate huku unavuta pumzi. Akajaribu. Akajaribu tena, akaguna. Haiwezekani, pumzi husimama kidogo tunapomeza. Hapo akavuta kiti. Nikamwonyesha: kijiko kidogo, kidevu kielekee kifuani, subiri ameze ndipo uongeze, akimaliza abaki amekaa nusu saa. Na mswaki kila siku hata kama hali kitu, maana mate machafu nayo huingia mapafuni.

"Mpaka lini?"

Nikamwambia koo la kiharusi mara nyingi hurudi ndani ya wiki chache, nitampima tena. Ningependa kumwambia hivyo na mama wa Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo wa kutetemeka unaozidi taratibu, niliyemwona kliniki baadaye, sijui saa ngapi, miguu ilishaniwaka. Kwake koo linazidi kuchoka, nasi tunapanga tu: ale wakati dawa imeshika, asiharakishwe, asiongee na tonge mdomoni. Mwanawe aliandika yote kwenye simu. Watu kama yule wananipa nguvu ya kurudi kesho.

Mafaili niliyamaliza jua limeshazama. Nikapita dirishani kubandika karatasi nyingine, safari hii kwa plasta ya kidonda. Binti alikuwa anamsugua babake meno.

"Dada, baba mdogo anaingia kesho na basi la asubuhi," akasema. "Anakuja na madafu."