Kodi ya kaboni ianzie depo

Kodi ya kaboni ikiletwa Kenya, isitozwe kwa asilimia ya bei. Itozwe kwa kilo ya kaboni dayoksaidi inayotoka mafuta yakichomwa. Lita ya dizeli hutoa kilo 2.7 hivi, petroli 2.3, mafuta ya taa 2.5, na kilo moja ya gesi ya kupikia hutoa kilo 3. Tuseme kodi ni Sh1,000 kwa tani, yaani shilingi kwa kilo: dizeli itapanda Sh2.70 kwa lita, na mtungi wa kilo 6 Sh18. Bei ya mafuta duniani ipande au ishuke, kodi ni ile ile. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) haiko hivyo, maana hufuata bei.

Pa kuitoza ni depo, yaani maghala makubwa ya mafuta, za Nakuru, Eldoret na Kisumu, kabla lori halijatoka. Kumfuata mwenye kituo cha mafuta mmoja mmoja ni kazi bure.

Mafuta ya taa ndiyo yatakayoleta shida. Yakiachwa nje ya kodi, watu watayachanganya na dizeli, nayo hayalainishi vyuma vya kutosha, kwa hiyo pampu na nozeli za injini huliwa. Mwaka 2018 serikali iliyawekea tozo ya Sh18 kwa lita kuzuia mchezo huo. Lakini aliyeumia pia ni mama wa mitaa ya Nyalenda au Manyatta, Kisumu, anayepikia stovu ya mafuta ya taa. Akishindwa na bei anarudi kwa makaa, na makaa hayapiti depo. Hesabu itaonyesha moshi umepungua, kumbe miti inakatwa. Kwa hiyo mtungi wa gesi na bana (kichomeo chake) viwafikie watu hao kabla kodi haijaanza. Nasema kabla, si baada. Hata Sweden ilipoanza kodi hii mwaka 1991 haikungoja: ilipunguza kodi ya mapato wakati huo huo.

Halafu kuna Muhoroni, kaunti ya Kisumu. Mtambo wa pale wa kuzalisha umeme kwa mafuta hauwashwi kwa kuwa ni nafuu. Huwashwa kwa sababu umeme wa huku magharibi hudhoofika laini zikizidiwa, na gharama ya mafuta yake huingia moja kwa moja kwenye bili ya stima. Ukiuongezea kodi, mteja atalipa na mtambo utaendelea kunguruma. Kinachouzima ni nyaya za kutosha kuleta umeme wa mvuke wa ardhini wa Olkaria hadi Kisumu kupitia Lessos, na transfoma za kuubeba. Kodi itakayotozwa mafuta ya Muhoroni itengewe kazi hiyo, isimezwe na hazina kuu.