'S. Arnott' yangu ilivyorudisha maua makubwa

Nilizilinganisha galanthusi (mimea midogo ya maua meupe ya majira ya baridi) mbili zenye maua makubwa, aina ya 'S. Arnott' na spishi ya elwesii, lakini 'S. Arnott' ilinitia aibu: majani tele, maua haba tena madogo. Ilipomaliza kuchanua, majani yakiwa bado mabichi, nikaichimba. Kumbe vitunguu vyake vya ardhini (bulbu) vilibanana hadi vingine vimekuwa bapa ubavuni! Nikavitenganisha kimoja kimoja, nikavipanda siku hiyohiyo kwa kina cha sentimita 10, kwa nafasi.

Msimu wa pili maua yakaja manene, yananukia asali.

Kosa jingine lilikuwa kwenye rula niliyopimia upana wa maua. Kukipata joto petali hutanuka, kwenye baridi hufumba, kwa hiyo upana hudanganya. Sasa napima urefu wa petali ya nje. Elwesii imeshinda kwa milimita chache, ila moyo wangu uko kwenye ile ya asali.