Uzi wa maji umekatika

Asalaam aleikum jamaa. Ndiyo kwanza nimenawa, mikono bado inanuka grisi.

Asubuhi tumetoka Mkokotoni kwa boti kwenda kisiwani Tumbatu, mimi na ami, na abiria sita na magunia ya unga. Maji yamekupwa, tukapita karibu mno na mchanga.

Katikati ya mkondo ami akageuka. Mimi naangalia mbele, yeye anautafuta ule uzi wa maji unaotoka ubavuni mwa mashine ya boti, ndio unaoonyesha kuwa maji ya kuipoza yanapita.

Haupo.

"Zima! Zima sasa hivi!"

Nikazima. Mashine haishikiki kwa moto. Tukaenda kwa pondo mpaka ufukweni.

Kufungua pampu ya maji, impela, kile kipira chenye mapezi, mapezi matatu yamekatika, yaliyobaki yamelala upande mmoja. Kitu kinaenea kiganjani, na roho zetu nane zilikuwa juu yake.

Ami akakataa kufunga kipya mpaka vipande vyote vipatikane, maana kikibaki kimoja ndani kinaziba njia ya maji. Viwili vilikuwa hapo hapo. Cha tatu tumekitafuta hadi adhuhuri, kumbe kimekwama kwenye mrija wa kupandishia maji.

Wiki iliyopita niliiwasha mashine nchi kavu, "kidogo tu", kusikiliza sauti. Kipira kile kinalainishwa na maji yenyewe. Kikizunguka kikavu, sekunde chache zinatosha kukiunguza. Ami sijamwambia bado. Nitamwambia leo baada ya isha.

Manahodha wenzangu, nyinyi impela mnabadilisha kila baada ya muda gani? Na mashine mnaisuuza kwa maji ya bomba kila mkirudi?