Tangi dogo bila filta, kazi waachieni majani

Mgeni akija kwangu hapa Jambiani akaliona tangi la samaki la lita 40, maji meupe pee, hamna mashine inayonguruma, swali ni lile lile: mbona halinuki? Majani tu jamani.

Iko hivi, samaki anakula humo na kunya humo, halafu anatoa amonia kwenye matamvua yake, na hiyo ni sumu hata ikiwa kidogo. Kwenye filta, ile mashine ya kuchuja maji, kuna bakteria wamekaa kwenye sponji, wao wanaigeuza amonia iwe naitraiti (nayo sumu vile vile) kisha naitreti ambayo ina nafuu. Sasa umeme ukikatika masaa mengi, bakteria wanakosa hewa wanaanza kufa, na huku kwetu umeme mnaujua wenyewe. Mimea haina habari na soketi, amonia kwake mbolea, inainyonya moja kwa moja.

Ila sio kila jani. Unataka linalokua mbio, sababu linalokua mbio ndio linalokula sana. Honwoti, jani la majini hilo, halina hata mizizi, unalitupia tu linaelea. Lakini mie namba moja wangu ni manipulanti, ile ya kutambaa iliyojaa kwenye mabaraza ya watu, chukua kikonyo, mizizi izame majini, majani yabaki nje yapate hewa, mizizi itashuka kama ndevu za mzee na vitoto vya gapi, wale samaki wadogo, vinajificha humo humo.

Maji ya kisima ya huku maweni yana chokaa balaa, tazama birika lako la chai ndani lilivyoganda ukoko mweupe, lakini samaki kama gapi na moli wanayapenda hayo hayo. Yakiwa ya bomba yenye klorini yaache kwenye ndoo wazi siku nzima kwanza.

Usijaze samaki lakini! Usiku mimea nayo inavuta oksijeni kama wao, wakiwa wengi asubuhi utawakuta wote juu wanatweta. Jani likioza litoe, ukiliacha linarudisha amonia yote majini. Na punguza mimea kila wiki, ndio unatoa uchafu wenyewe hivyo. Yale majani madogo ya kijani yanayotanda juu ya maji mie nachota na chujio la chai nawamwagia kuku wa mama, wanayapigania hao utadhani mchele.