Mistari Mabegani

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Somo la juma hili ni 2 Wafalme 5:1-14.

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye sendofu ya binti wa jirani yetu. Tukiwa tumeshakaa, akaingia kijana mmoja rubani na sare yake kamili: shati jeupe, tai nyeusi, mistari mitatu ya dhahabu kila bega. Safari yake, tulikuja kujua, ilikuwa kesho yake mchana. MC kumwona tu akazima muziki: "Jamani, Kapteni ameingia!" Kijana hakumsahihisha, ingawa kapteni huvaa mistari minne. Hadi keki inakatwa, meza yetu ilikuwa imeshajua saa zake za angani, mishahara ya wenzake walioko Ghuba, na jinsi abiria tusivyojua lolote kuhusu ndege tunazopanda.

Marubani wenyewe wana mzaha wao: ukitaka kumjua rubani kwenye sherehe usihangaike kuuliza, atakuambia mwenyewe. Tulicheka sana njiani kurudi.

Tusimwonee, lakini. Mama yake alikuwa pale, kitenge kimelowa machozi ya furaha, na wanaoijua familia ile wanajua nini kiliuzwa ili mtoto asome. Kufurahia kazi si dhambi. Mtume anauliza tu, "Nawe una nini usichokipokea?" (1 Wakorintho 4:7), na sidhani kijana yule angekosa jibu akiulizwa kwa upole. Kilichonikosesha usingizi usiku ule ni kitu kingine: sikio la mtu hupatwa na nini akishazoea kuitwa Kapteni.

Tarehe 27 Machi 1977, Jumapili, ndege nyingi zilielekezwa kutua kiwanja kidogo cha Los Rodeos, katika kisiwa cha Tenerife cha Hispania, kwa sababu bomu lilikuwa limelipuka kwenye uwanja wa kisiwa jirani. Miongoni mwake zilikuwamo Boeing 747 mbili, moja ya KLM ya Uholanzi, nyingine ya Pan American ya Marekani. Ukungu ulishuka. Kapteni wa ndege ya KLM, Jacob Veldhuyzen van Zanten, hakuwa mtu wa kawaida katika shirika lake. Alikuwa mkufunzi wa marubani, na uso wake ulitumika kwenye matangazo ya shirika. Rubani msaidizi aliyekaa kando yake siku ile alikuwa amepimwa na yeye mwenyewe, miezi michache tu nyuma, kabla ya kuruhusiwa kurusha aina ile ya ndege.

Walipofika mwanzo wa njia ya kurukia, kapteni alianza kusogeza ndege. Msaidizi akamkumbusha kwamba bado hawajapata kibali cha mnara wa kuongozea ndege. Akajibiwa: najua hilo, haya omba. Muda si mrefu ndege ikaanza kukimbia kweli, kibali cha kuruka bado hakijatolewa. Safari hii aliyesema ni mhandisi wa ndege, aliyekaa nyuma yao. Aliuliza: je, yule Pan American hajatoka njiani? Kapteni akajibu kwa mkazo kwamba ametoka. Hakuna aliyeuliza tena. Sekunde chache baadaye ndege ya Wamarekani ikatokea mbele yao ndani ya ukungu. Watu 583 walikufa. Hakuna ajali ya ndege mbili kugongana iliyowahi kuua watu wengi kuliko hiyo.

Tuwe waadilifu kwa marehemu. Ukungu ulikuwapo, kulikuwa na haraka ya kuondoka kabla saa za kazi za marubani hazijaisha, na maneno mawili muhimu ya redio yaligongana hewani yakasikika kama mlio tu. Wachunguzi wa Hispania na wa Uholanzi hawakuligawa kosa kwa mizani moja. Hata hivyo swali la mhandisi lilikuwa swali sahihi, liliulizwa kwa sauti, kwa wakati, na mtu ambaye kazi yake ilimruhusu kuuliza. Lilifika kwenye sikio likakuta mlango umefungwa.

Sasa tumtazame Naamani. Jemadari wa Shamu, mtu mkubwa mbele ya bwana wake, na mwenye ukoma. Anafika kwa Elisha na farasi na magari, anasimama mlangoni. Nabii hatoki hata nje, anatuma mjumbe tu: nenda ukaoge Yordani mara saba. Naamani anakasirika, na maneno yake yanamfichua: nilidhani atatoka kwangu. Mistari yake mabegani haijaheshimiwa. Anageuza msafara aende zake na ukoma wake, kwa kuwa mito ya Dameski ni mizuri zaidi. Wahenga wanasema sikio la kufa halisikii dawa, na jemadari huyu alibakiza hatua chache tu awe mfano wake.

Aliyemwokoa ni nani? Watumishi. Wanamkaribia, wanamwita "Baba yangu," wanamuuliza swali moja la adabu: kama nabii angekuambia jambo kubwa, usingelifanya? Ukiisoma sura hii polepole utaona kwamba karibu kila neno la uzima linatoka kwa watu wasiotajwa majina. Kijakazi aliyetekwa vitani, mjumbe wa mlangoni, watumishi wa msafara. Mfalme wa Israeli, ambaye ndiye mkubwa kuliko wote nchini, anachofanya ni kurarua mavazi yake. Na ukuu wa Naamani, mimi nauona hapa tu: alishuka.

Kuna kapteni mwingine ninayempenda, Al Haynes wa Marekani. Baada ya Tenerife na ajali nyingine za aina hiyo, mashirika yalianza kuwafundisha marubani adabu mpya ya kazi: mdogo aseme anachoona, mkubwa amsikilize, tena amwombe aseme hata kabla hawajaruka. Haynes aliyapata mafunzo hayo. Tarehe 19 Julai 1989 injini ya mkiani ya ndege yake aina ya DC-10 ilipasuka angani ikakata mifumo yote mitatu inayoendesha usukani. Miongoni mwa abiria alikuwamo mkufunzi wa ndege za aina hiyo, Dennis Fitch, akajitolea kusaidia. Haynes hakumwambia kuwa hapa kapteni ni mimi. Alimkabidhi kuzidhibiti injini mbili zilizobaki, wakaileta ndege hadi Sioux City. Kati ya watu 296, walipona 184. Kwa miaka mingi baadaye Haynes alizunguka akisimulia, akikataa kuitwa shujaa peke yake.

Nimeeleza habari za marubani kama vile mimi sihusiki. Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja kwa miaka 11. Sikuvaa mistari, lakini nilikuwa na kiti changu ofisini ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia, na kwenye harusi nilihakikisha MC anajua cheo changu.

Tulikuwa na mlinzi mzee. Mwaka mmoja, mwezi wa tatu, alikuja ofisini kofia mkononi. "Mwalimu, ukuta wa nyuma ya vyoo umepasuka. Masika yakikolea hautasimama." Nikamwambia, "Najua, mzee." Sikuwa najua. Sikuwahi hata kufika nyuma kule. Mwezi wa nne ukuta ukaanguka usiku wa Jumamosi, mahali ambapo siku za shule watoto hupanga foleni. Hakuna aliyeumia, na hilo halikuwa kwa akili yangu.

Jumatatu asubuhi nilimkuta getini kama kawaida. Hakusema "nilikuambia." Alikuwa na umri wa kutosha kunizaa, lakini aliinamisha kichwa kama alivyofanya kila siku. "Shikamoo, mwalimu mkuu."

Nami nikaitikia marahaba, nikapita.